Mtutu, Kiasi na Bei: Kuithamini Bunduki ya Wenzo Iliyotumika katika Afrika Mashariki ya Karne ya 19

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna wafanyabiashara na wasafiri wa Afrika Mashariki walivyopima ubora na bei ya bunduki iliyokwisha kutumika, hususan bunduki ya wenzo ya Kimarekani iliyoanza kuonekana Pwani katika miaka ya 1870. Ushahidi mkuu ni tawasifu ya Tippu Tip pamoja na msamiati wa silaha uliohifadhiwa katika kamusi za zamani za Kiswahili. Hoja ni kwamba thamani ya bunduki haikukaa katika chuma chake bali katika kile kinachoilisha, na kwamba Kiswahili kilikuwa na istilahi za kulieleza jambo hili kabla ya mikataba ya kimataifa kulitungia sheria. Istilahi hizo zinahitajika tena katika kazi ya leo ya kukagua na kuorodhesha silaha.

Utangulizi

Butare inayotajwa hapa si mji wa Huye uliowahi kuitwa hivyo. Ni tarafa ya Butare katika wilaya ya Rusizi, sehemu ya Cyangugu ya zamani, kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda inayopakana na Burundi na isiyo mbali na Kongo. Mtafiti wa lugha anayeishi katika pembe hii hahitaji kusafiri sana ili ayaone maneno yakibadilika. Upande wetu silaha hii ni ‘imbunda’. Ng’ambo ya mpaka, kwa Kirundi, ni ‘inkoho’. Na kwa Kiswahili kinachosikika katika masoko ya pande zote ni bunduki, neno lililotokana na Kiarabu ‘bunduq’, ambalo kwanza lilikuwa kokwa, kisha kitonge cha kurushwa, kisha chombo kinachokirusha. Majina ni matatu, lakini hakuna hata moja linalomwambia msikilizaji kama bunduki inayozungumzwa inafaa kitu.

Upungufu huu niliuona waziwazi miaka kadhaa iliyopita nilipoombwa kufasiri kwa Kiswahili orodha ya silaha kuukuu zilizokusanywa na ofisi moja katika ukanda huu. Safu ya ‘aina’ ilikuwa na neno moja kutoka juu hadi chini: bunduki. Safu ya ‘hali’ nayo ilikuwa na moja: mbovu. Silaha zote zilikuwa zimeandikiwa kuyeyushwa. Pamoja na orodha palikuwa na picha ndogo, na katika mojawapo niliona kipande cha chuma kilichopindwa kama kitanzi chini ya kifyatuo, na pande za bunduki yenyewe zikiwa na rangi ya shaba. Ilikuwa bunduki ya wenzo. Nilifasiri nilichopewa, nikalipwa, lakini swali likabaki kichwani: mtu wa karne ya 19, akiwa barazani Tabora au Ujiji, angeiandikaje bunduki ile? Naamini angeandika zaidi ya neno moja.

Silaha za mtumba

Karibu kila bunduki iliyouzwa Zanzibar, Bagamoyo au Tabora wakati ule ilikuwa imekwisha kutumika mahali pengine. Majeshi ya Ulaya yalibadilisha silaha kwa awamu. Yalipoacha bunduki za kujazwa mdomoni na kuchukua za kujazwa nyuma, katika miaka ya 1860 na 1870, ghala zao zilijaa bidhaa isiyo na mnunuzi nyumbani. Yalipochukua bunduki zinazobeba risasi nyingi kwa pamoja (Ujerumani mwaka 1884, Ufaransa mwaka 1886 na Uingereza mwaka 1888), zile za kujazwa nyuma nazo zikafuata njia ile ile ya bahari. Tumezoea leo kusema nguo za mtumba na magari ya mtumba. Biashara kubwa ya kwanza ya mtumba katika eneo hili huenda ilikuwa ya silaha.

Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, aliionya serikali yake kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Mwanahistoria R. W. Beachey alikadiria baadaye kwamba kati ya mwaka 1885 na 1902 ziliingia kiasi cha milioni moja katika maeneo yaliyokuwa chini ya Waingereza na Wajerumani. Takwimu hizi zimerudiwa mara nyingi, na ni muhimu kwa mtunga sera. Hata hivyo zinahesabu mitutu. Mnunuzi hakuhesabu mitutu; alikuwa na mmoja tu mkononi, na swali lake lilikuwa kama utamfia porini.

Wala hakuweza kutegemea chapa. Alama ya ‘Tower’ ya ghala la serikali ya Uingereza ilipendwa sana katika biashara ya Afrika, na kwa sababu hiyo hiyo iligongwa hata kwenye bunduki zisizowahi kuliona ghala hilo. Mnunuzi wa Kiafrika alijifunza mapema kutosoma maandishi ya kwenye chuma, bali kukisoma chuma chenyewe.

Majina ya moto

Msamiati wa Kiswahili unathibitisha jambo hili. Kamusi za zamani, ikiwemo ya Johnson ya mwaka 1939, zimehifadhi majina ambayo msomaji wa leo huyapita haraka. Ipo bunduki ya mrao, yaani ya utambi unaowashwa kwanza. Ipo gumegume, inayotoa cheche kwa jiwe. Ipo ya fataki, inayowashwa na kifuniko kidogo cha shaba kilichotiwa dawa ya mlipuko. Lipo pia neno korofindo, kwa bunduki kuukuu ya kujazwa mdomoni. Na lipo neno ‘kiasi’, ambalo pamoja na maana yake ya kawaida lilikuwa pia jina la risasi kamili yenye ganda, baruti na fataki vyote ndani yake.

Mpangilio huu hautaji nchi ilikotoka bunduki, wala kiwanda, wala urefu wa mtutu. Unataja namna moto unavyoingia, na kwa hiyo unataja kile ambacho mwenye bunduki atalazimika kukitafuta maisha yake yote. Mwenye gumegume anahitaji jiwe, baruti ya kumimina na kitu chochote kigumu cha kurushwa. Mwenye bunduki ya fataki anahitaji hivyo vyote, ila jiwe, na zaidi ya hayo fataki, ambazo fundi wa kijijini hawezi kuzitengeneza. Mwenye bunduki ya viasi anahitaji kiasi chenye kipimo kile kile cha tundu lake na si kingine. Kila ngazi inaongeza nguvu, na kila ngazi inamfunga mnunuzi zaidi kwa muuzaji wa mbali.

Neno ‘kiasi’ lenyewe linastahili kutazamwa kidogo. Katika gumegume mpiga bunduki ndiye aliyepima: baruti kiasi gani, kokoto ngapi, ashindilie kwa mdeki mara ngapi. Katika bunduki mpya kipimo kilikuwa kimekwisha kufanywa kiwandani na kufungwa ndani ya ganda. Waswahili waliuchukua ule ujuzi uliohama kutoka mkononi mwa mtu na kuufanya jina la kitu. Sijui lugha nyingine iliyolieleza badiliko hilo kwa ufupi namna hii, ingawa nakiri kwamba mtu wa lugha huipenda lugha yake kupita kiasi.

Barazani Manyema, 1876

Bunduki ya wenzo ilifika mapema kuliko inavyodhaniwa. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, orodha ya silaha zake ilikuwa na Winchester moja na Henry moja, zote mbili za wenzo, pamoja na gumegume 24 za askari wake. Uwiano huo unaeleza mengi kuhusu nani aliaminiwa kubeba nini.

Ushahidi ulio bora zaidi kwa mada yetu, hata hivyo, hautoki kwa Stanley bali kwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, katika tawasifu aliyoiandika kwa Kiswahili uzeeni na kuchapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Anasimulia namna Stanley alivyomjia huko Manyema mwaka 1876 akiwa na bunduki mkononi, akadai kwamba inatoa risasi kumi na tano. Tippu Tip hakuwahi kuona wala kusikia kitu cha namna hiyo. Akauliza kama zote hutoka katika mtutu mmoja. Akajibiwa kuwa ndiyo. Akamtaka aipige waone. Stanley akakataa, akasema heri atoe riale ishirini au thelathini kuliko kupoteza risasi moja.

Hapo Tippu Tip anafanya jambo ambalo kila mtu aliyewahi kununua kitu kilichotumika atalitambua. Habishani. Anamwambia mgeni kwamba huko Lomami kuna upinde unaopachikwa mishale ishirini, nao ukifyatuliwa mishale yote huruka pamoja na kila mmoja huua mtu. Stanley, aliyeielewa dhihaka hiyo vizuri, akatoka nje akapiga risasi kumi na mbili, kisha akachukua bastola akapiga sita. Waliohudhuria wakastaajabu. Ndipo Tippu Tip akauliza swali la mwisho: hujazwaje? Naye akaonyeshwa.

Kisa hiki kimesomwa mara nyingi kama kichekesho, au kama mfano wa mshangao wa Mwafrika mbele ya mashine ya Mzungu. Usomaji huo wa pili ni dhaifu. Anayesimulia ni mfanyabiashara wa pembe aliyeshika silaha maisha yake yote, na hatua zake ni za mkaguzi. Kwanza, dai la mwenye mali halikubaliwi. Pili, kutokutaka kupiga ni habari inayohusu bei: mtu anayeona risasi moja ni sawa na riale ishirini ama anadanganya kuhusu bunduki, ama anasema kweli kuhusu uhaba wa risasi, na vyote viwili mnunuzi anapaswa kuvijua. Tatu, baada ya kuona, haulizi inaua umbali gani wala inagharimu nini. Anauliza inalishwa nini na kwa njia gani. Katika masimulizi hayo hakuna bei ya bunduki iliyotajwa hata mara moja. Bei pekee ni ya risasi.

Nini cha kutazama

Kwa kuwa wasomaji wa makala hii wengi si mafundi, inafaa kueleza kwa ufupi mashine yenyewe. Kitanzi kilicho chini ya kifyatuo ndicho wenzo. Ukikisukuma chini, ganda tupu hutupwa nje na nyundo hurudi nyuma. Ukikirudisha, kiasi kipya kutoka katika bomba lililo chini ya mtutu husukumwa ndani, na bunduki iko tayari. Kazi yote hufanywa na viungo vichache vya chuma vinavyosuguana kila mara. Kwa hiyo uchakavu wa bunduki hii hauonekani kwanza kwenye mtutu kama ilivyo kwa gumegume. Unaonekana kwenye viungo. Wenzo unaochezacheza ukiwa umefungwa, au komeo lisilobana sawasawa nyuma ya kiasi, ni dalili kwamba moto unaweza kumrudia mpigaji usoni.

Bomba la risasi nalo ni sehemu dhaifu: likibonyea kidogo tu, au kamani iliyo ndani yake ikichoka, bunduki ya risasi kumi na tano inakuwa ya risasi moja. Mtutu huliwa na baruti nyeusi, ambayo masalia yake hunyonya unyevu na kuleta kutu; katika bonde la Rusizi, ambako mvua haina subira, bunduki isiyooshwa kwa maji na kupakwa mafuta hupoteza mifereji yake ya ndani upesi. Kitako hupasuka penye shingo. Vichwa vya parafujo vilivyochubuka husema kwamba mtu asiye na bisibisi ya kufaa aliwahi kuifungua. Mkaguzi mzuri hutazama parafujo kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Si kila ukarabati ni kasoro. Frederick Lugard, akiandika mwaka 1893 kuhusu Buganda, alimsifu fundi Kisule, aliyejifunza kwa mmisionari Alexander Mackay, kwamba aliweza kutengeneza kamani mpya na kurekebisha bunduki iliyoharibika kwa ustadi mkubwa. Na alisema mafundi wa huko walichonga vitako ambavyo ni vigumu kuvitofautisha na vya London. Palipokuwa na Kisule, bunduki iliyovunjika ilikuwa na bei. Pasipokuwa naye ilikuwa kuni na chuma. Hesabu ya thamani basi ilipaswa kujumuisha umbali wa fundi, jambo ambalo hakuna orodha ya kisasa niliyoiona inalolitaja.

Kisha kinakuja kiasi chenyewe. Winchester ya mwaka 1866, inayotambulikana kwa fremu yake yenye rangi ya shaba, ilitumia kiasi ambacho dawa ya kuwashia imefichwa katika ukingo wa ganda. Ganda la namna hiyo likishapigwa ndio mwisho wake. Ile ya mwaka 1873, yenye fremu ya chuma, ilitumia ganda lenye fataki katikati, na fundi mwenye vifaa aliweza kuling’oa fataki kuukuu, kutia mpya na kulijaza tena. Kwa mtazamaji wa haraka ya shaba ndiyo nzuri zaidi. Kwa mnunuzi wa bara ndiyo iliyokuwa mtego.

Bei, na kilichokuwa kikipimwa kwayo

Hapa lazima tuseme jambo ambalo lugha ya biashara hulificha. Taarifa za wamisionari waliokuwa Buganda mwishoni mwa enzi ya Kabaka Mutesa I, aliyefariki mwaka 1884, zinaeleza viwango vya wafanyabiashara kutoka Pwani: bunduki kuukuu moja kwa watumwa wawili, na fataki mia moja kwa mwanamke mmoja. Msomaji asiruke sentensi hiyo kwa haraka ya kutafuta takwimu. Na akishaisimamia, aone pia muundo wake. Fataki mia moja zinatoshea kwenye kiganja. Bunduki nzima, chuma na mti, ilikuwa sawa na fataki mia mbili tu. Bei ya chombo ilishuka kwa sababu vyombo vilikuwa vingi; bei ya chakula cha chombo ilipanda kwa sababu hakikuweza kuundwa bara.

Waliokuwa na fedha walilijua jambo hili. Msafara wa Stanley wa kumwokoa Emin Pasha, ulioanza mwaka 1887, ulibeba bunduki 510 za Remington na 50 za Winchester, na kwa hizo 50 zilifungwa risasi 50,000, yaani 1,000 kwa kila moja. Mtu aliyewahi kumwambia Tippu Tip kwamba risasi moja ni riale ishirini hakutaka kuaibika mara ya pili. Na mzozo uliozuka baadaye kati ya wawili hao kuhusu wapagazi wa Manyema ulihusu kwa sehemu kubwa ahadi ya baruti na fataki. Watu wa Tippu Tip walikuwa na bunduki zao tayari.

Kwa msingi huo tunaweza kukadiria kwa mantiki, hata pasipo daftari la bei, thamani ya bunduki ya wenzo iliyobaki bara baada ya msafara kuondoka. Ikiwa na viasi mia kadhaa ilishinda kila silaha sokoni. Ikiwa na hamsini ilikuwa zawadi ya kumpa mtawala, yenye heshima zaidi kuliko matumizi. Ikiwa na kumi ilikuwa chini ya gumegume, kwa maana gumegume ingeendelea kulia mwaka ujao. Bei ya haki ya kitu hicho hicho, kikiwa katika hali ile ile, ilishuka kila kilipopigwa.

Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia uingizaji wa silaha katika eneo kubwa la Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, lakini uliruhusu, kwa masharti, gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu pamoja na baruti ya kawaida. Bunduki za kisasa zilipaswa kuandikishwa na kutiwa alama. Wanasheria wa Ulaya walichora mstari pale pale ambapo msamiati wa Kiswahili ulikuwa umekwisha kuuchora, kati ya silaha inayoweza kujilisha bara na ile inayotegemea meli. Tofauti ni kwamba wao waliuchora ili kuamua nani abaki upande gani. Charles Stokes, mfanyabiashara aliyetoka Ireland na kuuza silaha kutoka Pwani hadi Maziwa Makuu, alinyongwa na ofisa wa Dola Huru ya Kongo mwezi Januari 1895 kwa sababu ya biashara hiyo.

Kutoka Shangi hadi kwenye orodha

Mwaka uliofuata, 1896, kikosi cha Dola Huru ya Kongo kilipiga kambi Shangi, kando ya Ziwa Kivu, si mbali na hapa. Jeshi la Rwanda lililokishambulia lilikuwa na mikuki na pinde, na miongoni mwa waliouawa alikuwamo kamanda Bisangwa. Watu wa Kinyaga, kama eneo hili lilivyoitwa, waliujua ubora wa bunduki kwa kusimama mbele ya mdomo wake, si kwa kukaa nayo barazani na kuuliza hujazwaje. Nadhani ndiyo maana neno la jumla lilivuka na kuingia katika lugha yetu, huku majina ya kupambanua yakibaki Pwani. Lugha hukopa kile ambacho hali imeiruhusu kukiona.

Leo hali ni nyingine. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo inazitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuziandikisha, kuzitia alama na kuziharibu silaha haramu, na Kiswahili, ambacho Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017, kinatumika zaidi katika vikao vya kazi hiyo. Silaha kuukuu inapokusanywa kuna maamuzi matatu ya kufanya: je, bado ni ya hatari, ina thamani ya fidia, au ni kumbukumbu ya kuhifadhiwa? Orodha yenye ‘bunduki’ na ‘mbovu’ haijibu hata moja. Bunduki mbovu ambayo risasi zake zinauzwa kila mahali ni hatari kubwa kuliko nzima ambayo risasi zake zilikoma kutengenezwa. Na iliyokoma kulishwa ndiyo mara nyingi inayostahili kabati la makumbusho badala ya tanuri.

Kwa hiyo napendekeza kwa wanaotayarisha fomu hizo safu tatu kabla ya safu ya ‘hali’. Ya kwanza ni namna ya kuwasha na kujaza, kwa majina yaliyokwisha kuwamo katika kamusi zetu, na ‘ya wenzo’ ikiongezwa. Ya pili ni kiasi chake, na kama kinapatikana. Ya tatu ni mkono wa fundi: nini kimebadilishwa, na kwa mali ya wapi. Kwa bunduki niliyoiona katika picha ile ningejaza: ya wenzo, fremu ya shaba; kiasi cha ukingo, hakipatikani; kitako kipya, kimechongwa kwa mti wa huku. Safu ya nne ningemwachia mkaguzi atakayeishika mkononi.